Kigeugeu Hawekwi Shahidi

Kigeugeu hawekwi shahidi. Ndivyo nilivyomjibu jirani aliyetaka tumtegemee Maro kupokea michango ya arusi, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Haya, shikeni nyungo mnisaidie kupepeta mpunga huu, niwaambie. Mimi sisimulii watu waliokaa mikono mitupu.

Siku hizi mnawaita watu vigeugeu, leo hili kesho lile. Hapa kwetu kando ya Tana, neno hilo lilikuwa la mto kwanza. Mto huu hulala hapa ukaamkia kule, wala haumuagi mtu. Na methali yenyewe ilizaliwa hivi.

Mzee mmoja alikufa akaacha shamba lililokatwa katikati na mto. Upande wa machweo alimwachia mwanawe Buya, aliyekuwa na nyumba yake huko. Upande wa mawio alimwachia binti yake Hadhoge, mjane mwenye watoto, ambaye hakuwa na kitu kingine duniani ila migomba aliyoipanda pale.

Hadhoge alitaka wapande minyaa kandokando iwe mpaka, kama ilivyo desturi. Buya akamcheka mbele ya wazee.

"Mto wote huu huuoni, dada? Kilicho upande wangu ni changu, kilicho upande wako ni chako. Mto ndio shahidi wangu."

Wazee nao, kwa uvivu wa kuchimba, wakakubali. Sina neno zuri la kuwasemea.

Masika yalipokuja, mto ulifurika, ukaacha njia yake ya zamani, ukapasua katikati ya shamba la Hadhoge. Maji yalipotulia, migomba yote, na mikungu yake, ilikuwa upande wa Buya. Buya akaingia na panga, akavuna.

Hadhoge alikwenda kwa wazee akilia. Watoto wangekula nini? Wazee wakainamisha vichwa. "Tuliukubali mto kuwa shahidi," walisema. "Hatuwezi kuukana leo kwa kuwa umesema vibaya."

Msimu ule Hadhoge alilisha wanawe kwa kuwapalilia watu mashamba. Buya alimwona akipita na jembe begani, asimwite hata mara moja. Hilo mimi huliona baya kuliko ile mikungu.

Masika mengine yakaja. Mto ukafurika tena, na safari hii ukarudi machweo, ukapita nyuma ya nyumba ya Buya. Asubuhi alifungua mlango wa uani akakuta maji. Akazunguka mbele, akamkuta dada yake amesimama mlangoni, amekuja kwa miguu mikavu kupitia njia ya zamani ya mto. Shamba, nyumba na zizi, vyote vilikuwa upande wa mawio.

"Karibu kwangu, kaka," Hadhoge alisema.

Buya akakimbilia kwa wazee. Wakamuuliza, "Shahidi wako ni nani?" Akaanza kueleza habari za mafuriko. Wakamuuliza tena. Ndipo akajibu, kwa sauti ndogo, "Shahidi wangu ni kigeugeu."

"Basi hilo ni la dada yako kuamua," wakamwambia.

Hadhoge hakuwa malaika, msimpambe. Alivuna shamba la Buya msimu mzima, kama Buya alivyovuna lake, na Buya akapita na jembe begani kwenda kupalilia kwa watu. Tofauti ni kwamba jioni Hadhoge alimwita kaka yake akala pamoja na watoto. Mavuno yalipokwisha, alimpa fungu la vipande vya minyaa, akamwonyesha ile njia ya zamani, iliyokauka, ambako baba yao aliwagawia.

"Chimba," alimwambia. "Mimi nitapanda."

Minyaa ile ipo hadi leo, na mto umeshahama tena mara kadhaa, wala hakuna aliyegombana.

Kwa hiyo mwacheni Maro ale pilau kama wageni wengine. Wa kupokea michango ya arusi tutafute mtu anayeamka pale alipolala. Kigeugeu hawekwi shahidi.