Fisi na Zeze Lisilo na Uzi

Zama zile wanyama walipokuwa wakisalimiana kwanza ndipo walane, jua liliwaka mpaka mito ikabaki njia za mchanga. Kilisalia kisima kimoja tu, nacho kilikuwa mbele ya pango la Simba. Simba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kupita penye maji bila kujitazama, akatangaza sharti: kila nyumba itoe mpigaji mmoja kwenye ngoma ya kuomba mvua. Nyumba isiyo na mpigaji haitateka hata kata moja.

Fisi alikuwa na mke na watoto ambao ndimi zao zilikuwa zimekauka. Aliwapenda kweli, tumbo lake tu ndilo alilolipenda zaidi. Akaenda kwa Bi Kobe, fundi wa zeze, ambaye hakuna aliyewahi kumharakisha.

"Kwanza utalipiga vibaya," Bi Kobe akasema, akimkabidhi zeze. "Litakwaruza, majirani watakusema, vidole vitaota sugu. Ukiivumilia aibu hiyo, siku moja litalia vizuri. Hata kuishi ni hivyo hivyo, lakini wewe tuanze na zeze."

"Uzi huu ni wa utumbo?" Fisi akauliza.

"Wa utumbo."

"Wa mbuzi?"

"Fisi, nimekwambia upige. Sikukwambia ule."

Kesho yake Fisi akarudi na zeze tupu. "Uzi umekatika, Mwalimu."

"Umekatikia wapi?"

Fisi akatazama mawingu, ambayo hayakuwepo. Bi Kobe akafunga uzi mwingine, nao ukakatika. Uliofuata ulikatika kabla Fisi hajafika kwake. Siku zikaenda, na Fisi hakujifunza chochote ila ladha.

Ndipo Sungura akamkuta njiani. "Mjomba, sugu za nini? Nyumba yangu itapigiwa na mke wangu, mimi nina nafasi. Siku ya ngoma nitajificha kichakani nyuma yako nipige zeze langu. Wewe fumba macho usugue uta tu. Maji utakayopata, nusu yangu."

"Na wakigundua?"

"Nani atamsumbua mtu aliyefumba macho? Ila uzi uwepo kwenye zeze, Mjomba. Uzi uonekane."

"Kwani mimi mtoto?" Fisi akasema, ameudhika.

Siku ikafika. Bi Kobe alikuwa amemfungia uzi wa mwisho. Zamu ya Fisi ilikuwa baada ya Kifaru, na Kifaru akishashika ngoma haachi. Jua likachoma, uzi ukapata joto, ukaanza kunukia. Fisi akaona aonje ncha tu, maana ncha haipigwi. Alipoonja ile, akaona ncha ya pili imebaki peke yake, akaihurumia.

"Fisi!" akaitwa.

Akasimama katikati, akafumba macho, akasugua. Loo! Wimbo ulitoka mtamu, Tembo akatokwa na machozi. Mke wa Fisi hakuamini masikio yake. Akawasukuma watoto mbele wamwone baba yao.

Simba, ambaye hapendi kitu kizuri kitokee mbali naye, akasogea. Akalitazama zeze.

"Fisi, zeze lako halina uzi."

"Mfalme, mtu akishabobea, uzi wa nini?"

"Basi weka uta chini, upige."

Fisi akauweka chini. Wimbo ukaendelea. Sungura kule kichakani haoni kitu, na kwa vile wanyama wote wamenyamaza, alidhani wamezama katika wimbo. Akaongeza madoido.

"Sasa weka chini na zeze lenyewe."

Fisi akaliweka. Wimbo ukanoga zaidi.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Chui akaingia kichakani, akatoka amemshika Sungura masikio, naye bado anainamisha kichwa kushukuru. Simba akahukumu papo hapo: Sungura atawatekea maji wanyama wote mpaka mvua inyeshe, na nyumba ya Fisi itakunywa mwisho, yatakayobaki, mpaka Fisi apige mwenyewe.

Yalibaki matope. Mke wa Fisi akayachuja kwa majani, akawapa watoto, nao wakanywa.

"Baba watoto," akasema, "Simba alitaka mpigaji. Hakusema apige vizuri. Ungekwaruza tu, wakucheke, sisi tunywe."

Fisi alikuwa hajaliwaza hilo hata siku moja. Alitazama mdomo wa mwanawe mdogo ulivyojaa tope, akaona aibu ambayo kicheko cha kijiji kizima kisingemletea.

Mimi nimekomea hapo, na neno langu ni moja: nguo ya kuazima haisitiri matako.