Hodi ya Mama Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jabali, kwenye jabali ufa, ndani ya ufa mtoto.

Naomba radhi mapema, jamani, maana ngano hii nitaiharibu. Nitacheka pasipochekesha, nitakohoa penye utamu, na sauti ya kasuku siiwezi, natoa ya jogoo mwenye mafua. Anayetaka kuondoka aondoke sasa. Hakuna? Haya, shauri yenu.

Hapo kale Mama Pimbi aliishi katika ufa wa jabali na mwanawe wa pekee, Tunu. Ufa ulikuwa mwembamba: pimbi hupita, chui hupitisha ukucha tu. Kila siku Mama alishuka bondeni kutafuta majani, na kila siku moyo wake ulibaki juu. Akasema, "Mwanangu anahitaji mwalimu."

Akaja Fisi. Akamtazama Tunu, akameza mate. "Mtoto mzuri huyu! Tutaanza na hesabu ya mbavu."

"Asante, mwalimu. Njia ni ile ile uliyojia."

Akaja Nungunungu, hata salamu hakutoa. "Namfundisha neno moja: nani? Mtu akipiga hodi, aulize nani. Akijibiwa, abaki humo humo ndani."

"Amhoji mgeni kama askari wa lango? Watasema mwanangu hana adabu!"

"Waseme. Atakuwa hai wa kuwasikia."

Mama akamwonyesha njia ya Fisi.

Akaja Kasuku, koti la kijivu, mkia mwekundu, shingo juu. "Salamu nyingi, Mama Tunu! Mimi nafunza adabu. Mgeni akipiga hodi, mtoto anaitika: karibu, karibu sana, nipe mzigo nikupokee! Kisha anatoka mwenyewe kumlaki."

Mama machozi yakamlengalenga kwa furaha. "Mwalimu ndiye wewe."

Basi masomo yakaanza. Kasuku akisema, Tunu anafuatisha. Tunu akisema, Kasuku anafuatisha. Ukiwa bondeni hujui yupi mwalimu, yupi mwanafunzi.

Akaja Bibi Kanga. "Hodi!"

"Karibu, karibu sana, nipe mzigo nikupokee!" Tunu akatoka, akampokea kikapu cha mtama. Bibi Kanga akazitangaza sifa zake jabali zima. Siku hiyo Mama alitembea kama aliyevaa viatu vipya.

Akaja Mzee Kobe. "Hodi!"

"Karibu, karibu sana, nipe mzigo nikupokee!"

"Mzigo wangu ndiyo nyumba yangu, mjukuu wangu, haupokeleki!" Wakacheka wote. Chui hakucheka. Alikuwa kichakani, naye anasoma somo lile lile.

Akaja Chui. "Hodi!" Sauti laini, kama ya shangazi.

"Karibu, karibu sana, nipe mzigo nikupokee!"

"Sikuja na mzigo, mwanangu. Nimekuja kuchukua."

Na Tunu alikuwa ameshatoka.

Mama akarudi na majani yake kichwani. "Hodi, Tunu!" Kimya. "Hodi, mwanangu!" Kimya. "Hodi!"

"Karibu, karibu sana, nipe mzigo nikupokee!"

Mama akatupa majani, akakimbia. Ufa mtupu. Akatazama juu. Kasuku alikuwa tawini, na sauti ilikuwa ya Tunu, ile ile.

"Ndivyo alivyomjibu Chui," Kasuku akasema. "Hakukosea hata neno, Mama Tunu. Nilimsikiliza mwenyewe."

Mama hakumtukana. Alikaa chini, akaanza kuyaokota majani, moja moja.

Tangu hapo, kila jioni, Mama Pimbi husimama mlangoni pake mwenyewe na kupiga hodi. Sauti ya Tunu humkaribisha toka mtini. Bibi Kanga akashindwa kuvumilia. "Mfukuze ndege huyo, shoga yangu!"

"Nikimfukuza," Mama akasema, "nani ataniitikia?"

Hiyo ndiyo siku ya kwanza neno la Nungunungu kutoka kinywani mwake.

Basi, mwenye mtoto, usimtafutie mwalimu wa kuwafurahisha majirani. Mtafutie anayemjua Chui.

Ngano imefika mlangoni, imetoka bila kuaga. Na kama nimewaliza, Kasuku hana kosa, ni mimi. Nilipotaka kujifunza usimulizi walikuwapo walimu wawili, wa kuliza na wa kuchekesha, nikachagua mwenyewe. Huyu aliyenifunza ndiye wa kuchekesha.