Mlango wa Bluu

Wapendwa, tulieni kidogo. Na yule mwenye simu inayoimba bongofleva aizime, hiyo kwaya hatujaialika.

Kulikuwa na mchoraji mmoja. Picha zake zilitundikwa mpaka kwenye mahoteli ya Ulaya, lakini yeye mwenyewe mfuko umetoboka. Akaugua. Akaenda kumalizia siku zake kijiji kimoja huko kwenye tumbaku, akafia kwenye bani. Bani si mnalijua? Kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Akazikwa na watu wachache, wengine walikuwa wanapita tu.

Miaka ikaenda, jina likakua. Wageni wakaanza kufika: tunaomba tuone alipoishi mchoraji. Weee! Ghafla kijiji kizima kilikuwa rafiki yake. Huyu anatoa kigoda, "Alikuwa anakalia hiki." Jirani naye anatoa cha kwake, "Achana naye, ni hiki." Na waliobeba jeneza? Ukiwasikiliza wote, lile jeneza lilipita mikono mingi kuliko Mwenge wa Uhuru.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji akapigiwa simu. Ni binti wa marehemu, yuko mjini.

"Shikamoo mzee. Baba aliacha picha moja, ya mwisho, aliichora hukohuko kwenu. Kuna mlango wa bluu. Nakuja nayo, nataka nimwone mwenye mlango huo."

Mwenyekiti nusura aimbe. Kwa nini? Kijiji kizima mlango wa bluu ulikuwa mmoja, wa kwake! Akaona kabisa nyumba yake imewekwa kibao, wageni wanapiga picha uani, kigoda chake ndicho kigoda. Kosa lake akaenda kutamba kijiweni, kwenye bao. Si angenyamaza tu jamani?

Kufika jioni, dukani rangi ya bluu imekwisha. Waliokosa wakachanganya chokaa na ile bluu ya kufulia mashati ya shule. Watu wakapaka! Mlango wa choo, bluu. Mlango wa kanisa, bluu. Kuna jogoo alijifuta ukutani, akatoka bluu upande mmoja.

Kesho yake binti anafika, kashuka kwenye bodaboda, picha ameifunga kwenye khanga. Anatazama huku, bluu. Kule, bluu.

"Jamani, kijiji chote?"

"Karibu mwanangu!" mama mmoja kamrukia shingoni. "Baba yako alikuwa anakula kwangu. Alivyopenda mlenda yule!"

"Muongo!" akadakia mzee mmoja. "Alikuwa anakula kwangu! Huu mlango wangu una miaka na miaka!" Na mkono wake wa kulia ni wa bluu mpaka kwenye kiwiko.

Mwenyekiti akapasua katikati ya watu. "Nyamazeni! Mwanangu, hawa wasikuchoshe. Jambo hili ni la kidole tu. Gusa mlango wa huyu mama."

Binti akagusa. Kidole kikatoka bluu.

"Gusa wa huyu mzee." Bluu.

"Sasa njoo kwangu. Gusa! Sugua! Kwangua na kucha!"

Kidole kikatoka safi.

"Umeona? Mkavu! Huu ulikuwepo baba yako akiwa hai. Mwenye mlango ni mimi."

Watu wakanywea. Watafanyaje? Ni kweli, na wote wanajua.

"Una hakika, mzee?"

"Naapa mbele ya kadamnasi."

Binti akafungua khanga. Ndani ya picha mvua inanyesha. Mlango wa bluu umefungwa. Dirishani taa inawaka, vivuli vya watu wanakula. Nje, mtu mgonjwa kakaa kwenye tope, kajifunika gunia.

"Baba aliniandikia, akanitumia na picha hii," akasema binti. "Mvua ilimkuta njiani, na homa anayo. Akagonga mlango huu. Ndani anasikia vijiko. Akagonga tena. Sauti ya mwanaume ikajibu, 'Hatupo!' Ndiyo akaenda kulala kwenye bani. Nilitaka tu kumwona huyo mtu ambaye hayupo."

Hapo sasa! Mama wa mlenda kapiga kelele, "Mimi nimepaka jana! Gusa tena mwanangu, mbichi hiyo! Muulize jogoo!" Mzee kanyoosha ule mkono wake juu kama anaokoka, "Ushahidi wangu huu hapa!" Kigoda kimoja kilionekana kinarudishwa ndani kimyakimya.

Mwenyekiti kabaki na mlango wake mkavu. Akaingia ndani, akafunga. Binti akasogea, akagonga, taratibu, kwa heshima. Mnajua alijibiwa nini? Kwa mazoea tu jamani.

"Hatupo!"

Haya, chekeni. Mwenyekiti kapatikana, tucheke. Lakini wale wengine mnawaachaje? Rangi mbichi inaonyesha mlango wako haukuwa wa bluu. Je, inaonyesha ulikuwa wazi? Yule mtu alifia kwenye bani, katika kijiji chenye milango yote ile. Huyo mama wa mlenda, siku ile ya mvua, mlenda ulikuwa wapi?

Ndio sisi hao. Rangi tunayo ndugu zangu, tena ya kutosha. Stika ya Yesu kwenye bodaboda. Zaburi kwenye status. Bwana akipita na sifa zake, kila mtu anatoa kigoda: alikaa kwangu! Akija analowa, ananuka homa, anaomba uji, tunapunguza sauti ya vijiko. Bwana amesema ninasimama mlangoni ninabisha. Hakuuliza mlango una rangi gani. Anachosikiliza ni bawaba: inalia ikifunguka, au imeganda kwa kutu?

Na msinitazame mimi kama mnamwangalia mwenyekiti. Tazameni nyuma. Kuna mama kasimama pale mlangoni tangu tunaanza kuimba, mtoto mgongoni. Mabenchi ya nyuma, nawaona, mmeweka mikoba kwenye nafasi ili ionekane pamejaa.

Sasa mmegeuka wote mnamtazama. Msimtazame.

Sogeeni.