Gogo Lililozuiwa na Mvuke

Hapo zamani, mvuke ulipoanza kupasua mbao huko milimani, palikuwa na kijiji chenye desturi ngumu: mtoto hatolewi nje bila jina, na baba akiokolewa kifoni kabla ya siku ya kumtoa, aliyemwokoa ndiye humpa mtoto jina. Lishikeni hilo, msije mkanikatiza baadaye.

Basi siku ya gulio, Hoza, ambaye mkewe alikuwa amejifungua jana yake, alikuwa bondeni akifunga magogo kwa mnyororo. Mashine ya mvuke iliyavuta juu hadi kwenye msumeno. Gogo kubwa lilipofika katikati ya mteremko, mashine ikaishiwa nguvu, gogo likasimama. Papo hapo gogo dogo likaporomoka, likambana Hoza mguu. Yeye yuko chini, gogo kubwa liko mteremkoni juu yake, na kinacholizuia lisishuke ni mvuke uliobaki.

Shekiango, mchochea moto, akatazama maji ya boila, tangi la chuma linalochemsha mvuke. Yalikaribia kwisha! Wachota maji wote walikuwa gulioni; alilijua hilo tangu asubuhi, na bado akawasha. Akizima moto, gogo linashuka. Akiuacha, boila inapasuka, naye yuko ubavuni mwake. Akaongeza kuni, akaita:

"Maji, jamani! Maji!"

Jirani na kiwanda alikuwapo Nambelwa, mjane aliyekuwa akikaa eda. Mumewe aliuawa na gogo pale pale. Mwenye eda hatoki. Nambelwa akatoka. Akachota mtoni, akamimina kwenye tangi la boila, akarudi, akamimina, akarudi tena, wakwe zake wakimpigia kelele.

Mkomwa, mshika msumeno, akachukua shoka akatambaa mteremkoni, chini ya gogo kubwa, hadi kwa Hoza. Mnyororo unalia, anakata gogo dogo lililombana. Mnyororo unalia, anakata. Akamvuta Hoza pembeni. Hawajakaa sawa, mnyororo ukakatika, gogo likapita pale walipokuwa.

Haya, jina sasa.

Mkomwa akamwambia mke wa Hoza kupitia mlangoni, "Shemeji, mimi ndiye niliyeingia chini. Mtoto aitwe Mkomwa."

Shekiango akaruka. "Ungeingia chini ya nini, kama ningekimbia? Kosa la maji ni langu, sikatai. Lakini nilikaa. Na sina mtoto, shemeji. Jina langu litaishia kwangu."

Nambelwa akasema polepole, "Wakwe wamenifungia mlango. Wanasema nimemdharau marehemu. Mwiteni Kupaza, jina lake. Nikisikia akiitwa, nitajua sikutoka bure."

Hoza anaogopa kumkosea aliyempa uhai, na hajui ni yupi. Mkewe bado amejifungia ndani na mtoto. Paa linavuja, mtoto anakohoa, na kesho asubuhi, siku ya kumtoa mtoto, lazima mama asimame mlangoni ataje jina moja, wawili waondoke mikono mitupu.

Ninyi mnaotafuna mahindi hapo, msiangalie chini. Mama anangoja. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?