Siku Otari Aliponasa Mtungini

“Mtunisha kifua hatoki mtungini.” Mnacheka? Chekeni, ila msidhani ni mtungi wa kubebwa kichwani. Usemi huu ulizaliwa mbali, katika bonde la Alazani huko Kakheti, nchi ya Jojia. Kule mtungi wa divai huzikwa ardhini hadi shingoni, nao ni mkubwa hata mtu mzima huingia ndani kuusugua. Basi tegeni sikio.

Aliishi huko mkulima aitwaye Otari, mwenye sauti ya radi na kifua cha kuihifadhi. Watu wa kule wakiimba, mmoja huongoza, mwingine humpokea, na waliobaki hushikilia sauti ya chini, ndefu, isiyokatika. Otari hakuwahi kushika ya chini. Mdogo wake Bidzina alijaliwa sauti tamu kuliko yake, lakini kila karamu kaka mtu alimfunika.

Mwaka mmoja zabibu za saperavi, zile nyeusi zinazotia mikono rangi inayogoma kutoka, ziliiva mapema. Vikapu vilijaa uani, nyuki wakavizingira. Zilipaswa kukanyagwa siku ileile, maana zikilala juani huchacha. Na mtungi ulikuwa mmoja tu, ulioachwa na babu yao, tena haujaoshwa.

“Kaka, niachie mimi niliye mwembamba,” Bidzina akasema.

“Mtungi huu ulinijua kabla yako,” Otari akajibu. Akavua shati, akavuta tumbo ndani, akajitumbukiza. Akasugua huku akiimba, kwa kuwa ndiyo desturi: anayeosha huimba ili walio juu wajue yu hai. Mle ndani sauti yake ilimrudia nene na nzito, naye akajipenda kupita kiasi.

Alipomaliza akatoa mikono, akatoa kichwa, kisha basi. Kifua kikanasa kwenye shingo ya mtungi. Waliokuwa juu wakamvuta, wapi! Otari akaanza kufoka: vuteni hivi, si hivyo, mmelala nini? Kwa kila amri alivuta pumzi, na kila pumzi ilizidi kumkaza.

Watu wakajaa uani, na jirani mmoja akaja na nyundo. “Tuuvunje tu.”

“Thubutu!” Otari akaguta, akazidi kunasa. Lakini moyoni aliogopa kwelikweli. Mtungi wa babu ukivunjika, divai ya mwaka mzima imekwenda na maji. Usipovunjika, yeye ndiye kizibo chake.

Mkewe Lamara alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Akafuta machozi, akasema, “Mume wangu, unajijaza upepo. Imba. Shika sauti ya chini, mpaka pumzi yote iishe. Bidzina ataongoza.”

Otari akaitazama nyundo. Akavitazama vikapu. Uso ulimwiva kwa aibu.

“Kijiji kizima kiko hapa uani,” akanong'ona.

“Basi, kaka, imba vizuri,” Bidzina akamwambia.

Otari akataka kukasirika, akajikuta anacheka. Bidzina akaanzisha wimbo wa mavuno. Otari akashika ya chini, ooo, ndefu, bila kukata, na kwa mara ya kwanza akamsikia mdogo wake akiimba hadi mwisho wa ubeti. Ilikuwa sauti nzuri mno. Akasahau kujikaza. Kifua kikashuka, kikashuka tena, Lamara na jirani wakavuta kwa nguvu, na Otari akachomoka, mbavu zimechubuka, kinywa bado wazi. Hakunyamaza. Alikaa chini kwenye vumbi akaishikilia sauti ile mpaka Bidzina alipomaliza wimbo wake. Kisha wote wakaingia kwenye hori la mbao kukanyaga zabibu, wamelowa wekundu hadi magotini, na mtungi ukajaa kabla jua halijatua.

Masika yalipofika wakaufungua kwa karamu. Divai ilitoka nyeusi, tamu, yenye nguvu. Wageni wakamgeukia Otari aanzishe wimbo kama kawaida yake. Akajaza kikombe, akampa Bidzina kwa mikono miwili.

“Ongoza wewe, ndugu yangu,” akasema. “Mtunisha kifua hatoki mtungini.”