Upo Kidogo Tu, Mwanangu

Wapendwa, nisikilizeni. Huko milima ya Upare aliishi mjane mmoja, Bibi Nakijwa. Mume alishamzika, watoto wako mbali. Kila Jumapili baada ya ibada, mzee wa kanisa alimpa mkono na kumuuliza, "Hujambo, mama? Upweke umepungua?"

"Upo kidogo tu, mwanangu."

"Bwana asifiwe!" Na macho yake yalikuwa yameshahamia kwa mtu mwingine.

Ikafika Jumapili bibi hakuonekana. Ya pili, kimya. Ya tatu, mzee wa kanisa akapanda kilima kwenda kumtazama. Akamkuta kitandani, mguu umevimba. Hata hajakaa, simu ya bibi ikaita. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo aliiweka kwenye spika.

"Shikamoo, bibi. Mguu unaendeleaje?" Sauti ya kijana.

"Marahaba. Unauma kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Jikoni umefika?"

Bibi akasema polepole, "Sijafika. Tangu jana sijala."

"Basi nampigia tena yule mama wa dukani uliyenipa namba yake, akuletee uji. Na leo lazima upelekwe zahanati."

Simu ilipokatika, mzee wa kanisa akatabasamu. "Mama, umebarikiwa mtoto. Ndiye yule wa Tanga?"

"Huyo si mwanangu. Mwezi wa tatu alikosea namba, anamtafuta fundi bomba. Nikamwomba asikate, tuongee kidogo. Akaniuliza, kwani lini uliongea na mtu mara ya mwisho? Nikamwambia Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi." Akavuta shuka. "Sura yake siijui."

Mzee wa kanisa akainamisha kichwa. Namba ya bibi ilikuwa ndani ya simu yake kwa mwaka wa nne sasa, na jina kamili. Hajawahi kuipiga.

Ndugu zangu, je, bibi alitudanganya? Hapana. Mtu mzima husema "kidogo" asije akamchosha anayemuuliza. Ni adabu. Lakini sisi tunaipokea adabu hiyo kama ruhusa ya kuondoka! Nani humu hajafanya hivyo? Mimi nimefanya. Kijana yule alisikia neno lile lile tulilolisikia sisi, ila yeye aliuliza swali la pili.

Aliyekosea namba ndiye aliyempata. Sisi tuliokuwa nayo sahihi, tulikuwa tunampigia nani?