Mbuzi wa Bi Mwanaesha na Mtama wa Zaka

Wamepokezana waja wema, huyu kwa huyu, kwamba mwaka wa njaa katika mji wa Mtangani ulizuka ubishi mkubwa juu ya mtama wa zaka. Tulieni niwasimulie. Chuo nilikiacha mapema, hilo sibishi, lakini wa kukisimulia kisa hiki kunishinda mimi bado hajazaliwa.

Waliotoa zaka walilalamika, "Tunawalisha wenye mifugo!" Waliopokea wakajibu, "Mifugo gani? Mbuzi wenyewe mbavu nje!" Mwishowe Sheikh Idarusi, mtunza hazina ya zaka, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaweka sharti: kila anayetaka mtama asimame uani mwa msikiti, aape mbele ya watu kwamba hana mnyama. Mwenye mnyama, hata mmoja, hapati.

Basi ungeona mbuzi wa Mtangani walivyohama! Watu waliwapeleka kwenye boma la tajiri mmoja nje ya mji, eti hawana mbuzi tena. Na wewe usicheke. Ungekuwako, wako ungembeba begani.

Bi Mwanaesha, mjane mchamungu, alikuwa akilea mjukuu mchanga aliyefiwa na mama. Maziwa ya mbuzi wake mmoja ndiyo yaliyomweka hai mtoto. Yeye mwenyewe hakuwa na cha kula ila huo mtama. Jirani yake Mafunda akamwendea.

"Shoga, mpeleke mbuzi kwa wenziwe. Kiapo ni maneno tu."

"Sheikh nitamficha, Mafunda. Aliyemuumba huyo mbuzi nitamficha vipi?"

"Haya, kautie chumvi huo uchamungu wako, ule!"

Ijumaa ikafika. Watu wakaapa mmoja mmoja, wakabeba mtama. Bi Mwanaesha akasimama. "Nina mbuzi mmoja, Sheikh. Mjukuu wangu anakunywa maziwa yake." Wengine wakaguna, wengine wakacheka. Sheikh akainamisha kichwa. "Sharti ni sharti, mama." Bi Mwanaesha akarudi mikono mitupu.

Ijumaa iliyofuata akaja tena, amekonda, akasema yale yale. Nyingine akaja akijishikiza ukutani. Sheikh akamwambia kwa upole, "Mama, jibu unalijua. Mbona unakuja?"

"Kwa sababu haki yangu iko hapa, haiko kwingine. Nitakuja mpaka nife au wewe uchoke. Umeniuliza nina nini, Sheikh. Hujaniuliza nimekula nini."

 Sheikh akawageukia watu. "Mji mzima, mwenye mbuzi ni huyu peke yake?"

Watu wakatazama miguu yao.

"Basi wale walioko bomani hawana mwenyewe. Wafungulieni."

Jamani, mbuzi hajui kuapa! Wakaingia mjini mbio, kila mmoja akashika uchochoro wake, akasimama mlangoni kwao kulia afunguliwe. Wa Mafunda aliwatangulia wote, na alikuwa na sauti kama muadhini. Mafunda akavuta ushungi hadi puani.

Waliotoa zaka wakapiga kelele, "Wanyang'anywe mtama!" Bi Mwanaesha akainua mkono. "Msiwanyang'anye. Wamesema uongo, lakini njaa yao si uongo."

Sheikh Idarusi akalia. "Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Niliweka mlango ambao mwongo anapita na mkweli anabaki nje." Siku ile ile akaliondoa sharti. Mbuzi wa maziwa hakuhesabiwa tena kuwa utajiri, na kila mtu akaulizwa upungufu wake, si mali yake. Bi Mwanaesha alipimiwa wa kwanza. Mafunda ndiye aliyembebea mtama hadi nyumbani, na njia nzima, ajabu ya Mungu, hakusema neno.

Enyi mnaogombana leo nani anastahili msaada na nani hastahili: mtafuteni mwongo, sawa, ni haki yenu. Lakini kila mnapoongeza sharti, tazameni kwanza ni nani atakayelala njaa kwa kusema kweli. Huyo ndiye atakayewadai mbele ya Mola wake, na siku hiyo hakuna boma la kujificha.